Maana Bila Shahidi Haiandikwi

Mvua ikiangukia mbao iliyochorwa chaki, inatoka harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Ina vumbi lililoloa ndani yake, ina ubao mpya, na ina kitu kikavu kinachowasha puani kama unga wa muhogo ukipepetwa. Juzi fundi alikuja kunitengenezea mlango wa jiko. Akachora mistari yake kwa chaki nyeupe, mvua ikamkuta kabla hajapiga msumari, akakimbilia barazani. Mimi nikabaki uani nimeinama juu ya mbao zake, nanusa. Akaniuliza kama zimeoza. Nikamwambia hapana, fundi, mbao ni nzuri. Ningemwambia nini zaidi? Kwamba mlango wake umenirudishia wivu wa miaka yangu ya utoto?

Maana ndivyo ilivyo, ndugu zangu. Wengine wakinusa chaki wanakumbuka shule. Mimi nakumbuka wivu, tena ule wa kweli, unaokukaa kooni mpaka tonge la fufu linakataa kupita.

Papa yangu, yaani baba, alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari pale Goma. Mshahara wake ulikuwa kitu cha kusikia tu, kama simba, kwa hiyo alasiri alifundisha nyumbani, kwenye parsele yetu, uwanja wa nyumba yetu, mtaa wa Murara. Vita vilikuwa vimeuletea mji wageni wengi wenye magari meupe na antena ndefu, na wageni wale walisema Kiingereza. Kijana aliyetaka kuwaendeshea gari, kuwalindia geti au kuwatafsiria alijua lazima apite kwanza kwa Papa Prof. Wanafunzi walikaa juu ya mawe meusi ya volkano tuliyoyapanga uani, nyuso zao zikiuelekea mlango wa nyumba. Mlango huo ndio ulikuwa tablo yetu, ubao wa kuandikia. Papa aliupaka unga mweusi wa betri za radio zilizokufa, uliotwangwa pamoja na majani ya muhogo, na ulipokauka ukawa mweusi kuliko tablo ya shule yake. Ubaya wake ni kwamba kila aliyeingia ndani kunywa maji alitoka na nusu ya somo mgongoni.

Papa hakupenda watu wa kukariri. Yeye alichukua neno moja, tena dogo, mkakaa nalo mpaka lichoke. Alisema maneno makubwa ni kama mabwana wa mjini, hawana watoto wengi, lakini neno dogo ndilo lenye familia. Maana zake aliziita watoto wa neno. Maneno yanayokaribiana nalo aliyaita ndugu wa neno, na akapenda kusema kwamba ndugu hufanana sura, lakini ukimtuma mmoja kazi ya mwenzake atakuharibia. Na sheria yake ilikuwa moja tu: maana bila shahidi haiandikwi. Ukitaka mtoto wa neno aandikwe mlangoni, usilete kamusi. Lete jambo lililokupata wewe mwenyewe. Lisiwe la jirani, wala la mtu uliyemsikia kwenye radio.

Mwenye kuandika nilikuwa mimi. Papa alisema mkono wake umeshachoshwa na tablo za shule, na kwamba mkono wa Kavira ndio mkono wake. Nilikuwa na miaka kama kumi. Chaki, ambayo sisi tuliiita kre, niliiweka katika kopo la nyanya, na kopo nililiweka juu ya kibao kilichopigwa kando ya mlango, kwenye kimo changu. Papa alinyoosha kidole bila kugeuka, na mimi nikajua ni wakati wa kuandika. Watu wazima wenye ndevu walikaa kimya wakinisubiri nimalize mstari. Mnajua jinsi mtoto anavyoweza kujiona? Basi mimi nilijiona hivyo.

Siku hizo neno lilikuwa "keep". Ukilisikia unadhani ni la kupita tu. Kijana mmoja aliyeitwa Safari, mlinzi wa depo, ghala la mizigo, ndiye aliyeleta mtoto wa kwanza: kulinda, kwa sababu yeye alishinda getini. Mama Noela, aliyeuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, sokoni na kutaka kusema na wateja wa magari meupe, akaleta kufuga. Shahidi wake alikuwa sungura aliyekuja naye ndani ya kikapu, akatukojolea mawe. Na mimi, ili nisionekane mwandishi tu, nikainua mkono nikasema kwa Kiingereza kwamba ninaweka chaki kwenye kopo. I keep the chalk in the tin. Wanafunzi wakacheka. Papa akasema hajawahi kuona shahidi mwepesi namna hii, lakini kopo lile pale, kila mtu analiona, basi kuweka naye aandikwe. Nikaandika kwa herufi kubwa kuliko za sungura.

Ndipo akaja Masika.

Alikuwa binti ya shangazi yangu, dada wa Papa, ambaye na mumewe walikuwa wakifanya biashara ya chumvi na maharagwe katika mji wa Kiwanja. Vita vilipopita Kiwanja, wao walikimbilia Uganda, na baba yake Masika akapotelea njiani. Hakuna aliyetuambia zaidi ya hapo, na sisi watoto tulifundishwa kutouliza. Walikaa kambini muda mrefu, Masika akasoma huko, kisha shangazi akaona bora amtume Goma kwa kaka yake, yeye abaki na mtoto mdogo. Masika alishuka kwenye lori la viazi akiwa na furushi moja lililofungwa kwa kitenge cha mama yake, cha rangi ya bluu chenye ndege wa manjano. Alinizidi umri kidogo, na urefu alinizidi sana.

Furushi lile alilisimamisha nyuma ya mlango. Mama akapunguza nguo zangu kwenye sanduku ili zake zipate nafasi. Masika akashukuru, akaziweka, na jioni akazitoa tena, akazikunja, akazirudisha kwenye furushi na kulifunga fundo. Kesho yake hivyo hivyo. Nikamwambia Mama kwamba huyu mtu anadharau sanduku letu. Mama akanijibu nimwache, mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi sikuwa naumwa kitu, kwa hiyo sikuelewa napona nini.

Ugonjwa ulikuja baadaye kidogo. Ulianza na Kiingereza chake. Changu kilikuwa cha mlangoni, neno kwa neno. Chake kilitiririka, kilipita puani na kupanda na kushuka kwa sauti ya Uganda, na Papa alipokisikia alicheka kwa furaha ambayo nilidhani ni yangu peke yangu. Wakaanza kusalimiana asubuhi kwa Kiingereza wakati mimi natafuta kiatu. Mama naye akampa kiti cha karibu na mbabula, jiko la makaa, kwa sababu eti Masika alisikia baridi. Sisi sote tulisikia baridi. Tulikaa milimani, chini ya volkano, si jangwani.

Siku ya kwanza aliyokaa na wanafunzi, alijiweka jiwe la nyuma kabisa. Papa akauliza kama "keep" ana mtoto mwingine. Masika akainua mkono akasema yuko, keep quiet, kukaa kimya. Papa akamwuliza shahidi wake. Masika akaangalia chini, akasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa na mwingine. Walikuwa wamejificha katika shamba la mahindi, askari wakipita barabarani. Mama yake alimtia mtoto titi mdomoni, na kwa mkono mwingine akamziba Masika mdomo. Siafu wakaanza kumpanda Masika mguuni. Wakapanda, wakauma, na yeye akakaa kimya mpaka askari wakaisha. Basi.

Hakuna aliyecheka. Mama Noela alivuta pembe ya kitambaa chake akajifuta macho. Papa akavua miwani, akaipangusa kwenye shati, akaivaa, akaivua tena. Kisha kidole chake kikanyooka, nami nikaandika, na chaki ilikatika mkononi kwa jinsi nilivyoikandamiza.

Sitawadanganya kwamba nilisikia huruma. Nilisikia wivu. Nilijiuliza ni kwa nini siafu hawajawahi kuniuma mimi wakati wa maana. Waliwahi kuniuma, ndiyo, kwa bibi, Butembo, lakini nilipiga kelele mtaa mzima ukaja. Huyo si shahidi wa kitu chochote.

Toka siku hiyo hakukuwa na alasiri bila Masika. Keep going, kuendelea kutembea, na shahidi wake alikuwa mlima ambao walipofika juu waliona mlima mwingine. Keep your place, kushika nafasi yako kwenye foleni ya maji kambini, ambapo kila mtu aliacha jiwe lake mahali pake akaenda kukaa kivulini, na ole wako usogeze jiwe la mwenzako. Hata ndugu wa neno alituletea. Papa aliuliza tofauti ya "keep" na "hold", na Safari akasema yote ni kushika. Masika akasema hapana. Njiani mama yake alimwambia hold, shika kitenge changu usiachie, na huo ulikuwa mshiko wa mkono, ukichoka umeisha. Lakini hata baada ya kuachia alikuwa bado ni mtoto wa mama yake, na hiyo ndiyo keep. Papa akatutazama mmoja mmoja, akasema yeye amefundisha lugha hii tangu ujana wake na hakuwahi kulieleza vizuri hivyo. Nilitamani ardhi impasukie Masika, si mimi.

Kisha ikaja siku yenyewe. Masika alikuwa amemaliza kusema, sikumbuki tena kuhusu nini. Kidole cha Papa kilinyooka, mimi nikasimama, na Papa akasema, "Mupe kre, Kavira. Shahidi ni wake, aandike yeye mwenyewe."

Nilimpa. Vidole vyangu vilibaki vyeupe na havikuwa na kazi. Nikaenda kukaa juu ya jiwe katikati ya Safari na Mama Noela, jiwe lenye ncha, nikamwangalia Masika akiandika. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, nashukuru Mungu, herufi zililala kama watu waliochoka. Lakini hakuna aliyelalamika. Na kesho yake tena Papa akampa yeye. Kopo lilikaa pale pale kwenye kibao changu, na kila aliponyoosha mkono kulichukua, mimi nilihesabu vipande vilivyobaki.

Nilikaa nikayapekua maisha yangu yote nikitafuta shahidi. Hamna kitu. Nilizaliwa Murara, nikanyonya Murara, nikaumwa surua Murara. Maharagwe, shule, kanisa, kuteka maji, kulala. Nikamwendea Mama akichambua maharagwe, nikamwuliza kwa hasira kwa nini sisi hatujawahi kukimbia kama watu wengine. Mikono yake ilisimama ndani ya ungo. Akaniangalia kama aliyeona nyoka ndani ya kikapu cha mtoto.

"Kavira," akasema, "funga hiyo kinywa kabla Mungu asikie."

Lakini mimi nilikuwa nimeshaamua. Kama vita havikuja kwetu, mimi ningevifuata. Jumamosi moja nilichukua bido tupu, dumu la maji, nikamwambia Mama kwamba naenda kuteka, nikatembea mpaka nikapita Ndosho, nikafika kwenye kambi ya waliokimbia vijiji vya Masisi, mahema meupe juu ya mawe meusi. Foleni ya maji niliiona kwa mbali. Nikatafuta jiwe zuri, nikaliweka mwishoni, nikasimama kando yake na kujitengenezea uso wa mateso. Jua lilinipiga. Nilifurahi linavyonipiga. Nikawa napanga Kiingereza changu kichwani.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu, mwenye mtoto mgongoni, alinitazama kuanzia kichwani, macho yake yakaishia miguuni. Nilikuwa nimevaa viatu vya shule, vya kufunga kamba, nimevipaka na dawa. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani na nalala hema gani. Nikaficha mguu mmoja nyuma ya mwingine. Hakunitukana. Alisogeza jiwe langu pembeni kwa mguu, taratibu, kama mtu anayesogeza kifaranga, na foleni ikajifunga mahali nilipokuwa.

Nilirudi nyumbani na bido tupu na moyo umejaa. Jumatano iliyofuata niliinua mkono kabla Papa hajakohoa. Nikasema nina shahidi wangu wa kushika nafasi, nikaeleza yote, kambi, jua, jiwe, isipokuwa viatu. Safari alipiga makofi. Papa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja kwa sauti ya chini.

"Ulikuwa na kiu?"

Wanafunzi wakaangalia mawe waliyokalia. Papa hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alitaka kuendelea na somo, na hapo Masika akasimama pale nyuma. "Muyomba, umuandikie," akamwambia mjomba wake. "Alisimama. Kusimama pale si muchezo."

Papa akakubali. Masika akaenda mlangoni, akachukua chaki kwenye kopo langu, akaandika jambo langu chini ya yake kwa zile herufi zake za kulala. Huruma yake ilinichoma kuliko kama angenicheka. Usiku huo nilimgeuzia mgongo kitandani, nikavuta blanketi lote upande wangu, na yeye hakulivuta.

Haikupita muda, vita vyenyewe vikaja bila kutumiwa mwaliko. Tulikuwa tumezoea kusikia milio upande wa Kibati, ikisogea na kurudi, na watu wazima wakisema haitafika. Alasiri moja ikafika. Papa alikuwa bado shuleni, wanafunzi hawakuja, mimi na Masika tulikuwa uani tunapiga pasi. Bomu la kwanza liliangukia upande wa uwanja wa ndege. Nyumba ya mbao haivumi kama ya matofali, inapiga makofi. Unga wa chaki uliruka kutoka mlangoni, ukatanda hewani, na nikaona herufi zetu zimebaki nusu. La pili lilikuwa karibu zaidi. Mama alitoka na sufuria na mtungi wa mafuta, akaita majina yetu. Majirani walikuwa tayari barabarani, magodoro vichwani, mbuzi, watoto, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliyobeba mzee.

Na mimi, niliyekuwa nimeomba haya kwa bidii, miguu yangu ilikataa. Nilisimama pale pale na pasi mkononi. Ninachokumbuka ni kwamba Masika aliitoa ile pasi, akaiweka chini vizuri isiunguze kitu, akanikamata mkono juu ya kifundo. Halafu mlango ukapita pembeni yangu, na uzio, na barabara. Alinivuta mpaka Ndosho. Nikianguka alininyanyua na tukaendelea. Hakupiga kelele hata kidogo. Alama za vidole vyake zilikuwa bado kwenye ngozi yangu tuliporudi nyumbani.

Tulipata nafasi katika chumba cha darasa, klase ya shule moja, sisi na familia nyingine, madawati yakiwa yamerundikwa ukutani. Jioni Papa alitupata, vumbi mpaka kwenye nyusi, akatugusa vichwa mmoja baada ya mwingine kisha akakaa chini. Klase ile ilikuwa na tablo ya kweli, ya saruji, ukuta kwa ukuta, na somo la Kifaransa lililokatika katikati ya sentensi. Niliiangalia nikaanza kulia. Watu wakadhani ni mabomu. Mama mmoja tusiyemjua akaniambia pole. Mama akaniuliza ninaumwa wapi, na mimi, nikiwa nimezungukwa na watu walioacha nyumba zao, nikasema, "Kre yangu."

Nadhani Mama angenizaba kofi kama angekuwa na nguvu. Masika, aliyekuwa amekaa karibu yangu, akafungua kitambaa alichojifunga kiunoni, akatoa kopo la nyanya, akaniwekea mapajani. Chaki zilikuwa zimevunjika vipande vidogo.

Mama alitazama kopo, akamtazama Masika, akatazama sakafu yote kumzunguka. "Masika," akasema. "Na furushi yako?"

"Nimeacha, mama."

Papa akainua kichwa. Sote tulijua furushi lile lilisimama nyuma ya mlango tangu siku aliyofika, fundo tayari, kwa ajili ya siku kama ile. Ndani yake ulikuwa utajiri wake wote, na cha juu kilikuwa kitenge cha mama yake. Papa akamwuliza ni kwa nini, wakati kopo na furushi vilikuwa hatua moja tu kutoka kimoja hadi kingine.

"Mukono moja ilikuwa ya Kavira," Masika akajibu. Akafikiri kidogo. "Mimi nimeshajua kukimbia bila kitu, muyomba. Yeye hajajua."

Papa alivua miwani, na safari hii hakuipangusa.

Tuliporudi Murara, nyumba ilikuwa imesimama lakini imefunguka kama kinywa. Mlango ulikuwa umeng'olewa. Labda uliota moto chini ya sufuria ya mtu, na "keep" na watoto wake wote, sungura na siafu na foleni, wakapanda na moshi. Sanduku lilikuwa wazi, na nyuma ya pale mlango ulipokuwa hapakuwa na furushi. Masika alipaangalia mahali pale mara moja tu, akachukua ufagio.

Papa akapata mbao nyingine, nyembamba kuliko zile, akazipaka. Wanafunzi wakarudi mmoja mmoja. Siku ya kwanza Papa akauliza kama kuna mwenye mtoto mwingine wa "keep" kabla hatujabadilisha neno, na wote wakanigeukia mimi. Sasa nilikuwa na shahidi, tena aliyeshiba. Nilikuwa na bomu langu, barabara yangu na klase ya Ndosho, na alama kwenye mkono bado zilikuwa za zambarau. Nilifungua mdomo, na nikaona Masika ameangalia chini, kama alivyoangalia chini kila mara aliposimulia, na kwa mara ya kwanza nikauliza moyoni anaangalia nini pale chini. Nikafunga mdomo. Papa alisubiri, kisha akasema basi tuandike tena zile tunazozikumbuka. Masika akachukua kopo kwenye kibao, na badala ya kuandika, akanipa.

Nilidhani yameishia hapo. Nilidhani Masika alikuwa mtu mwema na mimi mwenye wivu, na hadithi za namna hiyo ziko nyingi. Sasa mimi pia ni mwalimu, na Masika anauza vitenge Butembo, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza alikuja kunihudumia, na siku moja, tukiosha nepi, nikamwambia kwa utani jinsi nilivyomwonea wivu siku zile, mpaka wivu wa siafu. Nilitegemea acheke. Alicheka, kisha akaacha.

"Unakumbuka ile siku nilifika?" akasema. "Kwa mulango kulikuwa kumeandikwa eti unaweka kre kwa kopo. Nikasema, huyu mutoto anaweka kitu, kesho anaikuta palepale. Niliona wivu, Kavira, mpaka usiku nikakosa usingizi. Wewe ulikuwa unalia juu ya kukosa shahidi. Mimi nilikuwa naomba Mungu anipe neno moja tu ya kusema, ile haina shahidi."

Tukaendelea kuosha. Maji yalikuwa yamepoa, hakuna aliyekwenda kuongeza ya moto.

Kopo lile bado liko, limeota kutu na kubonyea upande mmoja. Masika akija kwangu, kabla hajanipa mkono, anafunua kifuniko, anachungulia, anafunika. Na mimi nikipita sokoni mpaka leo natazama vitenge viunoni mwa wanawake, natafuta ndege wa manjano, ingawa najua kitambaa hakiishi miaka yote hiyo.

Mvua ilipokatika, fundi alirudi kwenye mlango wake, akapiga misumari, akapangusa mikono, akaniuliza kama kuna kazi nyingine kabla hajaondoka. Nikamwambia anipigie kibao kidogo kando ya mlango, chini, kwenye kimo cha mtoto wangu. Akauliza ni cha kufanyia nini.

"Cha kuweka chaki," nikamwambia.